Mrija Ukitoka Mdomoni

Nilifika Malaba nikiwa nimekalia debe la rangi. Ndani ya lori kulikuwa na kiti cha dereva, kiti cha utingo, na pengo katikati, na debe langu lilienea kwenye pengo hilo kama lililopimwa na seremala. Lori hilo nililipandia Voi. Kabla ya Voi nilikuwa Taveta, kabla ya Taveta nilikuwa Namanga, na kabla ya Namanga tusiende, maana tutafika utotoni. Mimi ni mtu wa mipakani. Nilimaliza kidato cha nne na kitu kimoja tu ambacho walimu wangu wote walikubaliana, kwamba mwandiko wangu ni mzuri, na tangu hapo nimekula kwa mwandiko: mabango ya hoteli, ya vinyozi, ya bucha, ya makanisa. Mji ukiishiwa na kuta, nahama.

Dereva hakutaka nauli. Alitaka maneno nyuma ya lori lake, SAFARI NI HATUA, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Shida ni kwamba hakupenda kusimama. Kila aliposimama kula au kupima uzito, nilishuka mbio na brashi. Herufi S niliipiga Mtito Andei. A na F zilipatikana Mlolongo, kwenye mizani. Salgaa tulilala, nikamaliza neno SAFARI pamoja na kivuli chake, nikajiona mtu. Eldoret ilinyesha. Kwa hiyo neno NI nililiandika Malaba kwenyewe, kwenye foleni ya kuvuka kwenda Uganda.

Siku hizi malori yanavuka haraka, lakini wakati ule foleni ilikuwa inarudi nyuma kutoka mpakani mpaka ukadhani Uganda imeyakataa. Madereva walifua nguo na kuzianika kwenye vioo vya pembeni. Dereva wangu aliniambia hatusogei leo wala kesho, nikanywe chai bila wasiwasi. Nikaenda na debe na brashi, kwa sababu fundi haachi vifaa vyake, lakini begi la nguo nikaliacha. Niliporudi, mahali petu palikuwa na lori lingine, lililojaa mbao, na dereva wake alinitazama jinsi nilivyoinua brashi.

"Boss, hii usiandike kitu," akasema.

Foleni ilikuwa imesogea. Lori langu lilikuwa limeingia Uganda na maneno SAFARI NI, pamoja na nguo zangu.

Dereva alirudi baadaye akiwa na begi langu, ingawa shati langu zuri lilikuwa limevaliwa na utingo. Alisema kila askari wa barabarani kati ya Tororo na Kampala alimsimamisha kumuuliza safari ni nini. Alikuwa amewapa majibu mbalimbali na ameanza kuyapenda. Aliniambia nisimalizie. Akaniuliza kama tunaendelea pamoja kwenda Mombasa, nikamwambia bado nina kazi. Kufikia hapo nilikuwa nimeshaandika hoteli mbili, saluni moja na duka la simu, na nilikuwa nimeanza kujua wapi chapati ni laini.

Ukikaa Malaba utagundua kwamba mji huo una donda, na donda lenyewe linaitwa Busia. Busia ndio mji mkuu wa kaunti. Ofisi ziko Busia, mihuri iko Busia, wakubwa wanakaa Busia. Wazee wa Malaba hukumbuka kwamba upande wao wa Teso uliwahi kuwa wilaya peke yake, na ofisi zilikuwa karibu hapo, hatua chache tu. Kisha zikaja kaunti na makaratasi yakabebwa kwenda Busia. Sasa mtu wa Malaba akitaka muhuri, anaondoka asubuhi, anapita Chakol akinung'unika, na jioni anapita Chakol tena akinung'unika zaidi.

"Wao wana ofisi," watu wa Malaba husema, "lakini sisi tuna treni."

Treni yenyewe ni ya mizigo na hupita inapojisikia, lakini ni yao.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya. Sokoni Malaba palikuwa pamejengwa kibanda kipya cha wauzaji, kirefu, chenye ukuta mweupe upande wa barabara. Mwenyekiti wa kamati ya wauzaji alikuwa mama wa mitumba, mtu ambaye angeweza kukutajia bei ya suruali yako akiwa ng'ambo ya barabara. Aliniita.

"Fundi, wewe hutembea. Ule ukuta wa soko kule Busia umeuona?"

"Nimeuona, mama."

"Umeandikwa nini?"

"Kwamba hapo ndipo soko la kwanza la mpakani lilipoanzia."

"Huo uongo wameupaka rangi ngapi?"

"Tatu."

"Wetu uwe na tano."

Alitaka historia yote: watu walivyoshuka kutoka kaskazini na ng'ombe wao, mashamba ya wimbi, mpaka ulivyochorwa ukapita katikati ya familia, treni ilivyofika, malori yalivyofuata. Na katikati kabisa, mahali jicho linapotua, soko la Malaba lilivyoanza. Kazi iishe kabla ya siku ya ufunguzi, kwa sababu mgeni wa heshima angetoka Busia, na mama mwenyekiti alitaka asimame mbele ya ukuta ule akiwa anakodoa macho.

Nilianza na ng'ombe. Kila aliyepita alikuwa na neno. Ng'ombe wa kwanza aliambiwa pembe zake ni za Pokot. Wa pili aliambiwa amekonda, na Wateso hawakufika hapa na ng'ombe waliokonda. Nilimnenepesha, mtu mwingine akauliza kama ana mimba. Lakini ng'ombe waliisha, mpaka ukaisha, reli ikaisha, na katikati pakabaki peupe. Nilipouliza soko lilianzaje, kila mtu alinijibu vilevile.

"Muulize mzee wa reli."

Mzee wa reli alikuwa ameitumikia stesheni ujana wake wote, na mama yake alikuwa ameuza karanga pale wakati treni za moshi ziliposimama kunywa maji. Nilimkuta amekaa nyumbani kwake na redio. Nikamwambia nataka mwanzo wa soko kwa ajili ya ukuta.

"Uko na mrija?" akaniuliza.

"Sina, mzee."

"Sasa unataka historia kavu? Historia kavu inakwama hapa." Akagusa koo. "Tafuta mrija, uje kwa mama pima saa tisa."

Mama pima, muuza pombe wa hapo, alikuwa na nyumba ya mviringo nyuma ya stesheni, na ndani yake chungu kimoja kikubwa kilichokaa sakafuni katikati ya viti vifupi. Chunguni huwamo ajon, pombe ya wimbi ya Wateso, nzito kama uji, ambayo huongezewa maji moto kutoka kwenye birika kila inapopungua. Hainywewi kwa kikombe. Kila mtu ana mrija wake, mrefu kuliko yeye mwenyewe, wenye kichujio kidogo mwishoni, na wote mnaizamisha mirija yenu katika chungu kimoja mkiwa mmekaa mbali kama watu wanaovua samaki kisima kimoja. Vijana siku hizi hutumia mipira ya plastiki. Wazee huitazama mipira hiyo jinsi padri anavyotazama ndoa ya chini ya mwembe. Mimi nilinunua wa kweli, wa mti, na mama pima akanionyesha mahali pa kuuchomeka kwenye paa, katikati ya mirija ya wengine.

Kuna adabu zake. Hupulizi ndani ya chungu. Huchungulii ndani ya chungu, kwa maana unamwambia mwenye nyumba kwamba humwamini. Ukitoka nje kwa haja, unampa jirani yako mrija akushikie. Lakini adabu iliyonipata mimi ilikuwa nyingine, na hakuna aliyenieleza. Niliiona mwenyewe siku hiyo ya kwanza. Mtu akieleza jambo la zamani mbele ya chungu, wanaosikiliza wana mirija midomoni. Asiyekubaliana sharti autoe mrija ili aseme. Mzee akimaliza na hakuna aliyeutoa, basi jambo hilo limepita, ni kweli, na hakuna atakayelifufua nje.

Nililipenda jambo hilo kuliko mahakama zote nilizowahi kuzipita. Kisha nikaona ubaya wake. Anayetoa mrija hanywi, na anayeeleza hanywi pia. Kwa hiyo ajon ikiwa tamu, karibu kila kitu ni kweli. Ikiwa chachu, hata majina ya mito hubishaniwa.

Mzee wa reli aliitwa azungumze, na nikashangaa jinsi wenzake walivyomhimiza kwa upendo.

"Mweleze fundi vizuri, mzee. Anzia mbali kabisa."

Alianzia mbali kabisa. Alianzia huko juu Karamoja, kwenye ukame, akawashusha watu na mifugo yao polepole, mlima kwa mlima, akataja nani alibaki wapi na kwa sababu gani. Sisi tulivuta. Birika la maji moto lilipita na kupita. Alipowafikisha watu wake Moding, chungu kilitoa mlio wa utupu, na wote wakasimama.

"Kesho," mzee akasema, akitazama chungu kwa huzuni.

Siku ya pili nilimwomba aanzie stesheni.

"Wewe huanza nyumba kwa mabati?" akaniuliza, na akarudi Karamoja. Safari hiyo alifika mtoni Malaba kabla ya pombe kuisha. Nilikuwa nikiona sasa kwa nini watu walifurahi nilipokuja. Nikikohoa tu mlangoni, mtu alisema, "Fundi, muulize ile ya kabla ya ile," na mzee, ambaye alikuwa mnywaji hodari, aliuachia mrija wake na kuanza, na wengine wakagawana sehemu yake.

Mtu mmoja hakumhimiza kamwe. Alikuwa shemeji yake, mzee aliyetoka upande wa Busia, aliyeozesha dada yake hapo Malaba na kisha akahamia mwenyewe, eti kumwangalia dada. Alikaa mkabala na mzee wa reli, akavuta kwa pumzi ndefu bila kufumbua macho, na kila mtu alijua ni yeye anayepunguza chungu.

Siku ya tatu mzee wa reli alifika kwenye treni. Alieleza jinsi lilivyokuwa jambo kubwa, jinsi injini ilivyokunywa maji kama ng'ombe, jinsi abiria walivyotoa vichwa madirishani wakiuliza kama kuna chakula. Na hapo, akasema, akaja mama yake na kikapu cha karanga za kukaanga, akakaa chini kando ya reli, na hakukuwa na mtu mwingine yeyote.

Shemeji alifumbua macho. Akautoa mrija mdomoni, akaupangusa.

"Kulikuwa na mtu," akasema.

"Nani?"

"Mama yangu. Na ndizi."

"Shemeji, mama yako alikuwa kwenu Busia akipigana na kuku."

"Alikuja na miguu kutoka kwetu na ndizi kichwani. Mama yako alimkuta amekaa. Hata karanga ya kwanza alimuuzia yeye."

"Shemeji, ulisema ng'ombe wangu wa mahari wamechoka, nikanyamaza. Kwa hili sinyamazi."

"Ng'ombe walikuwa wazima. Ni wewe ulichoka."

Wengine walivuta haraka sana, wakifaidi. Chungu kikaisha wawili hao wakiwa bado wana mirija mikononi kama mikuki. Siku zilizofuata ilikuwa hivyohivyo. Mzee alifika kando ya reli na karanga, shemeji akatoa mrija na ndizi, na mimi nikarudi kwenye ukuta wenye katikati peupe.

Nilimpelekea mama mwenyekiti habari. Aliacha kukunja sweta aliyokuwa akiikunja.

"Mama wa ndizi alitoka wapi?"

"Upande wa Busia."

"Fundi." Akaketi juu ya mitumba yake. "Unataka mgeni atoke Busia, asome kwenye ukuta wetu, kwa rangi tano, kwamba soko letu lilianzishwa na Busia?"

"Sitaki, mama."

"Basi ni karanga."

"Karanga hazijapita. Shemeji anatoa mrija."

Alinielewa mara moja, maana yeye ni mtu wa hapo. Hakusema niandike tu karanga nimalize. Alisema, "Fanya zipite," akarudi kukunja.

Nilikwenda kwa mzee wa reli asubuhi, nikiwa na wazo la kumwomba akubali mama wawili. Alikuwa amekaa nje na redio imezimwa. Nilianza kusema, akanikata.

"Kaburi la mama yangu unajua liko wapi?"

"Hapana, mzee."

"Hata mimi sioni tena. Lilikuwa pale walipopanua uwanja wa malori. Tulipewa shamba pengine, tukaambiwa tuhamishe, lakini kaburi mvua ilikuwa imeshalisawazisha, hakuna alama. Sasa liko chini ya malori. Mimi sina picha yake. Alikuwa anabeba kikapu kiuno cha kushoto, kwa sababu mkono wake wa kulia ulivunjika akiwa msichana. Hiyo tu ndiyo ninayo. Ukimweka kwenye ukuta, kuna mahali nitakuwa naenda."

Kisha akawasha redio, ili tusiendelee.

Wiki moja kabla ya ufunguzi nilimwendea mama pima. Nilimwomba atengeneze ajon nzuri kuliko zote, nzuri kiasi kwamba shemeji asiweze kuutoa mrija hata nyumba ikiungua. Alinisikiliza akipepeta wimbi.

"Nitaitengeneza," akasema. "Lakini usinilaumu."

Ilipoiva, alasiri ya siku mbili kabla ya ufunguzi, nilijua kwa harufu tu. Watu waliingia, wakavuta mara ya kwanza, na nyumba ikanyamaza kama kanisani. Mzee wa reli alianza, na kwa mara ya kwanza hakwenda Karamoja. Alikuwa na haraka arudi kwenye mrija wake. Alifika kwenye treni kabla birika halijapita. Alifika kwenye karanga. Akamtazama shemeji. Shemeji alikuwa amefumba macho, mashavu yameingia ndani, na mrija uko palepale. Nilihesabu pumzi zangu. Nikaona mkono wake unapanda kwenye mrija, kisha unashuka. Alikuwa anateseka, lakini anavuta.

"Basi," mzee akasema, "hivyo ndivyo lilivyoanza. Na karanga. Hakukuwa na mtu."

"Kulikuwa na mtu," akasema mama pima.

Alikuwa amesimama nyuma yetu na birika. Hapakuwa na mtu aliyewahi kufikiria jambo hilo: mama pima hana mrija. Yeye huongea bure.

"Karanga zilikaa wapi?" akaendelea. "Ndizi zilikaa wapi? Zilikaa kwa kivuli cha nyumba ya nani? Bibi yangu alikuwa hapa na chungu, anauzia watu wa treni, kabla ya mama yenu nyinyi wawili. Mama yako alikuja kuuza karanga kwa sababu walevi wanapenda kutafuna. Mama yako naye alikuja na ndizi kwa sababu walevi wanasikia njaa. Hili soko lilianza na hiki chungu. Mimi nimewanywesha miaka yote mkisema mambo yenu, nanyamaza tu, naongeza maji."

Mirija ikatoka. Sijawahi kuona tena kitu kama hicho: mirija yote, ya mti na ya plastiki, ikatoka kwa pamoja, na ajon tamu kuliko zote ikabaki katikati inapoa. Mzee wa reli na shemeji yake, ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya ng'ombe wa mahari, waligundua kwamba wako upande mmoja. Mtu wa tatu akakumbuka shangazi yake aliyeuza mayai. Mtu wa nne akauliza kwani samaki wa Sio Port walikuja na nani. Mama pima alimjibu kila mtu, birika mkononi, bila kiu.

Niliondoka wakibishana, nikaenda moja kwa moja ukutani wakati jua bado lipo, nikaanza kuchora, kwa sababu nilikuwa nimechoka kusubiri kweli ikubaliwe.

Nilichora nyumba ya mviringo na kivuli chake. Nilichora treni inayotoa moshi, na vichwa madirishani. Na kando ya reli nikachora wanawake watatu waliokaa na kusimama wakiitazama treni, migongo yao kwetu. Hawakuwa na nyuso. Mmoja alikuwa ameinamia chungu. Mmoja alikuwa na ndizi kichwani. Mmoja alikuwa amesimama na kikapu kiunoni, upande wa kushoto. Chini yake nikaandika kwamba soko la Malaba lilianza wakati treni iliposimama kunywa maji na watu wakataka kula. Nani alitangulia sikuandika.

Mzee wa reli alikuja kesho yake. Alisimama mbele ya ukuta kwa muda mrefu, akasogea, akarudi nyuma. Kisha akaweka kiganja chake kwenye kile kikapu, rangi ikiwa bado haijakauka vizuri, na akaondoka na karanga kidogo mkononi. Alama ya kiganja bado ipo. Sikuirekebisha.

Shemeji alikuja baada yake.

"Mama yangu hakuwa na kiuno hicho," akasema.

"Ni nguo tu, mzee. Upepo wa treni."

"Hakuwa nacho." Lakini aliendelea kutazama. "Punguza kidogo tu. Usipunguze sana."

Mgeni wa heshima alifika siku ya ufunguzi akitokea Busia, akasimama mbele ya ukuta na kukodoa macho kama ilivyotakiwa. Akauliza yule wa ndizi ni nani. Mama mwenyekiti, aliyekuwa amevaa suti ambayo mimi na yeye tu tulijua ilitoka kwenye bunda gani, alimjibu bila kupepesa.

"Huyo ni jirani. Alikuja kununua."

Nilidhani kazi imeisha. Haikuisha. Ukuta ule ulikuwa na wanawake watatu wasio na nyuso, na kumbe hilo lilikuwa tangazo. Kuanzia wiki hiyo watu walinijia mlangoni, sokoni, hotelini nikila. Yule wa mayai alitaka shangazi yake. Muuza omena alitaka bibi yake aliyetoka Sio Port, na ikiwezekana na mtumbwi. Mwalimu mmoja mstaafu alitaka mama mkwe wake, kisha akarudi kusema nisimchore, kisha akarudi tena. Katekista alikuwa na mama aliyeuza mishumaa. Wengine hawakungoja, waliongeza wenyewe usiku kwa mkaa. Upande wa kulia wa ukuta palitokea mgongo mmoja mkubwa kuliko treni.

Hapo nikajua mji umeniishia. Kuta zilikuwapo, lakini kila ukuta ulikuwa na mama wa mtu anayesubiri. Yule dereva wangu wa SAFARI NI alikuwa njiani kurudi Mombasa, na pengo kati ya viti lilikuwa bado tupu. Nilimwambia anipitie.

Siku moja kabla ya kuondoka waliniita kwa mama pima. Wote walikuwepo, kila mmoja na kiti chake. Mzee wa reli akaninyooshea mrija wake.

"Leo fundi ndiye anasema. Wewe ndiye umeandika, sasa sema ipite. Isipopita, tutapaka chokaa."

Nikauweka mrija wangu mapajani. Nilisema. Nilianzia Karamoja, kwa sababu nyumba haianzi kwa mabati. Niliwashusha watu na ng'ombe wao wanono, nikawafikisha Moding, nikawafikisha mtoni. Nilipitisha mpaka katikati ya familia. Nilileta treni na kuinywesha. Nikamweka bibi yake mama pima na chungu kivulini, nikaleta karanga kiunoni kushoto, nikaleta ndizi kichwani kutoka upande wa Busia, na nikasema walikuja siku moja, treni moja, na hakuna aliyetazama nani alikaa kwanza kwa sababu wote walikuwa wanatazama treni.

Nikamaliza. Mama pima alikuwa mlangoni na birika. Alifunga mdomo. Nilimtazama shemeji, macho yalikuwa yamefumba, mashavu ndani. Nilimtazama mzee wa reli. Alikuwa ananitazama juu ya mrija wake, na machozi yalikuwa karibu, lakini mrija ulikuwa palepale. Niliwazunguka wote. Hakuna aliyeutoa.

Chungu kikalia utupu. Mpaka leo sijui kama iliyokuwa nzuri siku hiyo ilikuwa historia au ajon, kwa sababu mimi sikuionja hata tone.

Asubuhi mama pima alichomoa mrija wangu kwenye paa. Aliniambia desturi: anayeuacha mrija paani atarudi, na anayeuchukua amekwenda moja kwa moja. Akaushika katikati, akaningoja. Nilifikiri kidogo. Kisha nikanyoosha mkono.

"Nilijua," akasema. "Ulikuwa unaangalia barabara tangu siku ya kwanza."

Dereva alikuwa na hasira kwa sababu mrija haukuingia ndani ya lori. Tuliujaribu kwa urefu na kwa mshazari, ukamgonga utingo sikioni. Mwishowe ukakaa umetoka dirishani, nusu ndani nusu nje, nami juu ya debe langu nikiushikilia. Tulipita kando ya soko polepole, maana pale kuna matuta. Mzee wa reli alikuwa amesimama ukutani mbele ya kile kikapu, mgongo wake kwetu, na hakugeuka. Kule Webuye askari alitusimamisha, akatazama mrija, akazunguka nyuma akasoma lori, akarudi dirishani.

"Safari ni nini?" akamuuliza dereva.

Dereva alinigeukia mimi.